Mwanafunzi anakesha na daftari, wiki ijayo hakumbuki: saikolojia ya utambuzi inasemaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa Historia kwenye sekondari ya kata hapa Arusha, upande wa Ngarenaro. Nimeanza kusoma shahada ya ualimu jioni, na muhula huu tuna somo la saikolojia ya utambuzi. Mhadhiri ametupa majina ya kukariri: Wundt, Watson, Bartlett, Miller, Neisser, pamoja na mitazamo minne. Nayakariri, lakini sielewi hawa watu walikuwa wanatafuta nini. Jambo la pili: wanafunzi wangu wa kidato cha nne wako kambi, wanakesha prepo wakirudia madaftari, lakini nikiwauliza wiki inayofuata hakuna kitu. Je, somo hili lina lolote la kunisaidia darasani?

JIBU: Marahaba mwalimu. Nimefurahi umeuliza walikuwa wanatafuta nini, maana ukishalijua hilo, majina yote matano yatakaa mahali pake bila kulazimishwa. Walikuwa wanahangaika na swali moja: jambo linalotokea ndani ya kichwa cha mtu, ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona, unalipimaje?

Vitini vyote vitakuambia kwamba saikolojia ya utambuzi ni elimu ya namna binadamu anavyopokea taarifa, anavyozitunza na kuzikumbuka, anavyofikiri, anavyotumia lugha na anavyofanya uamuzi. Ni sawa, lakini ukibaki na hilo tu hutafika mbali. Shika mbinu. Mawazo hayaonekani, ila yanaacha alama mbili zinazopimika: muda anaoutumia mtu kujibu, na makosa anayoyafanya. Sehemu kubwa ya utakachofundishwa muhula huu imetokana na mtu fulani kukaa na saa mkononi, au kukusanya makosa ya watu kwa subira mpaka yakaanza kusema kitu.

Aliyeanza na saa ni daktari Mholanzi, Franciscus Donders, mwaka 1868. Alimtaka mtu ajibu mara tu anapopata ishara, kisha akampa kazi ngumu kidogo: ishara ni zaidi ya moja, na kila moja ina jibu lake. Muda ukaongezeka. Donders akasema ziada ile ndiyo muda ambao akili imeutumia kutofautisha na kuchagua. Tendo la akili likawa limepimwa kwa sehemu za sekunde, bila kumpasua mtu kichwa. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt akafungua maabara ya saikolojia kule Leipzig, Ujerumani, na ndiyo sababu jina lake limetangulia kwenye orodha yako. Wundt naye alitumia vipimo vya muda, lakini katika kizazi kilichomfuata maabara nyingi ziliegemea kumfunza mtu ajichungulie ndani, kisha aeleze anachokiona. Hapo ndipo palipoharibika. Maabara moja ikisema hivi na nyingine ikisema vile, hakuna wa kuamua, kwa kuwa kila mmoja shahidi wake ni yeye mwenyewe.

Kabla ya kuingia kwenye ugomvi huo, kuna mtu ambaye hayumo kwenye orodha yako, na kwa mwalimu wa darasa ningemweka wa kwanza: Hermann Ebbinghaus. Alijipima mwenyewe. Alitunga silabi 2,300 hivi zisizo na maana yoyote, akazipanga kwenye orodha, akawa anazisoma kwa mwendo ule ule hadi aweze kuzitaja bila kukosea. Kisha anaziacha. Baada ya muda aliojipangia anarudi kujifunza orodha ile ile, na kuangalia safari hii ameokoa muda kiasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Baada ya dakika 20 akiba yake ilikuwa asilimia 58 hivi. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34 hivi. Baada ya mwezi, 21.

Zitazame namba hizo taratibu, mwalimu. Hasara kubwa iko mwanzoni kabisa, ndani ya ile saa ya kwanza. Baadaye kusahau kunapunguza kasi, na kati ya siku moja na mwezi mzima kinachopotea si kikubwa. Silabi zisizo na maana husahaulika haraka kuliko somo linaloeleweka, kwa hiyo usizichukue asilimia hizo kama zilivyo ukazipachika kwenye Historia. Lakini umbo la kusahau ndilo hilo, na limeonekana tena na tena tangu wakati huo. Wanafunzi wako hawana kasoro, wala si wavivu. Wanasahau kama alivyosahau Ebbinghaus, na yule bwana alikuwa na bidii ya kupindukia.

Sasa ugomvi. Mwaka 1913, kule Marekani, John Watson aliandika kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi iachane na habari za akili na fahamu, ishike kile ambacho watu wawili wanaweza kukiona kwa pamoja: kichocheo kinachoingia na tabia inayotoka. Mtazamo huo wa tabia ulitawala vyuo vya Marekani kwa karibu miaka 40, na jina lake kubwa la baadaye ni B. F. Skinner. Kwenye majibu ya mitihani watu hupenda kuuandika kana kwamba ulikuwa upuuzi. Haukuwa. Huo ndio uliotufundisha kwamba dai lisilopimika halina nafasi maabarani, na saikolojia ya utambuzi ilirithi ukali huo wote.

Uliochangia kuutikisa mtazamo huo ni ushahidi wa panya, wanyama wale wale ambao wafuasi wake walikuwa wanawategemea. Mwaka 1930 Edward Tolman na Charles Honzik waliwaacha panya wazurure kwenye vichochoro vyenye kona nyingi kwa siku 10 bila kuwekewa chakula mwishoni. Kwa hesabu ya kichocheo na zawadi, panya hao walikuwa hawajajifunza kitu. Siku ya 11 wakakuta chakula. Siku iliyofuata walikwenda moja kwa moja, makosa yao machache sawa na ya wenzao waliokuwa wakilishwa tangu mwanzo. Walikuwa wamejifunza kimya kimya, na kilichojifunzwa kilikuwa kimekaa mahali fulani ndani. Mwaka 1948 Tolman alikiita ramani. Neno hilo lilirudisha akili mezani.

Uingereza haikufuata sana upepo wa Watson. Frederic Bartlett, wa Cambridge, aliwapa wasomaji wake hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini kuhusu vita na mizimu, akawataka waisimulie baada ya dakika 15, halafu baada ya siku, wiki, hata miezi. Kila iliporudiwa, hadithi ilifupika na kunyooka. Mitumbwi ikageuka mashua. Watu waliokwenda kuwinda sili wakawa wamekwenda kuvua samaki. Mizimu, ambayo kwa Mwingereza haikuwa na pa kukaa, ikapotea kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 Bartlett alieleza kwamba anayekumbuka anajenga upya, kwa kutumia mabaki machache pamoja na mpangilio wa maarifa alionao tayari, ambao aliuita skema. Makosa ya wasomaji ndiyo yaliyomwonyesha skema hizo. Mtu hakosei ovyo. Anakosea kuelekea kile anachokijua.

Katika kitabu hicho hicho kuna jambo ambalo vitini vyetu huliruka, nami sielewi kwa nini, maana linatuhusu Waafrika moja kwa moja. Bartlett alikwenda Uswazi, nchi ya kusini mwa Afrika ambayo leo inaitwa Eswatini. Alikuwa amesikia wazungu wakisema Waswazi wana kumbukumbu ya ajabu. Akamwomba mchungaji mmoja wa mifugo ataje ng'ombe walionunuliwa mwaka uliotangulia. Mchungaji akawataja mmoja mmoja: waliowauza, rangi, bei. Bartlett alipolinganisha na hesabu zilizoandikwa na mwenye mali, alikuta makosa mawili tu, tena madogo. Mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kusimama mnadani na mzee wa Kimasai hatashangaa. Lakini Bartlett hakuishia hapo. Alimpima kijana wa Kiswazi kwa kumtuma ujumbe usiohusu ng'ombe, na kijana yule hakumzidi mtoto wa Kiingereza. Basi hapakuwa na kumbukumbu ya ajabu ya kabila. Palikuwa na watu ambao maisha yao yamejengwa juu ya mifugo, na kila ng'ombe mpya ana pa kukaa kwenye maarifa yaliyokwisha kujaa. Hilo liweke pembeni, nitalirudia kwenye darasa lako.

Vita Kuu ya Pili ilileta kazi za dharura. Jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada wanaanza kupitwa na ishara. Norman Mackworth aliwakalisha watu mbele ya saa ambayo mshale wake mara moja moja unaruka hatua mbili badala ya moja, akaona kwamba ndani ya nusu saa tu ya kwanza umakini umeshuka waziwazi. Baada ya vita, mwaka 1953, Colin Cherry aliwavalisha watu vipokea sauti, ujumbe mmoja sikio la kulia, mwingine la kushoto, akawataka waurudie mmoja tu. Wa pili uliwapita. Waliweza kusema kama ni sauti ya mwanamume au ya mwanamke, lakini si ulichosema. Kutokana na kazi za namna hiyo Donald Broadbent alipendekeza mwaka 1958 kwamba kichwani kuna chujio linaloruhusu mkondo mmoja wa taarifa kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata Neville Moray akaonyesha kwamba chujio hilo linavuja: mtu asiyesikiliza kabisa sikio la pili, ukilitaja jina lake humo, mara nyingine analisikia. Theluthi moja hivi ya watu aliowapima walilisikia. Simama stendi, wapiga debe wakiita Usa, Tengeru, Sakina, Kijenge kwa pamoja, huku ukiongea na mwenzako. Hayo yote ni kelele tu, mpaka mmoja wao aite jina lako.

Halafu ukaja mwaka 1956. Tarehe 11 Septemba, kwenye mkutano uliofanyika chuo cha MIT, Marekani, Allen Newell na Herbert Simon walieleza programu ya kompyuta inayothibitisha kanuni za mantiki, kijana Noam Chomsky akazungumzia sarufi, na George Miller akazungumzia kumbukumbu. Miller mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa sayansi ya utambuzi. Kompyuta ilikuwa imewapa ujasiri: ikiwa mashine inaweza kupokea taarifa, kuihifadhi na kuifanyia kazi hatua kwa hatua, na hatua hizo zikaelezwa kwa uwazi kabisa, basi kuongelea hatua zilizo ndani ya kichwa cha mtu si ushirikina. Miaka mitatu baadaye Chomsky alichapisha mapitio makali ya kitabu cha Skinner kuhusu lugha, akisema mtoto hutamka sentensi ambazo hajawahi kuzisikia wala kuzawadiwa kwazo. Baada ya hapo milango ilifunguka.

Kwa Miller nitakaa kidogo, kwa sababu unaweza kumpima kesho asubuhi. Makala yake ya mwaka 1956 ilionyesha kwamba mtu mzima anaweza kushika kwa muda mfupi vitu saba hivi, wakati mwingine viwili zaidi au viwili pungufu. Wasomee kidato cha nne tarakimu hizi kwa mwendo mmoja, bila kutua popote, kisha wape kalamu: 1 9 6 1 1 9 6 4 1 9 6 7 1 9 7 7 1 9 9 2. Ziko 20. Darasa litagawanyika. Wapo watakaokwama kwenye ya saba au ya nane. Na wapo ambao katikati ya kusomewa utaona nyuso zao zimebadilika, kisha wataziandika zote bila shida: Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha, kuzaliwa kwa CCM, vyama vingi. Kwa hao hazikuwa tarakimu 20 bali miaka mitano.

Hicho ndicho alichokiita kufunga vitu kwenye mafungu, na ndilo jambo zito kwenye makala ile kuliko hiyo saba yenyewe. Utafiti wa baadaye, hasa wa Nelson Cowan mwaka 2001, umeishusha namba hadi mafungu manne hivi pale mtu anapozuiwa kurudiarudia kimoyomoyo. Lakini ukubwa wa fungu hauna kikomo cha namna hiyo, unategemea unachokijua. Mtoto wa Norwei mwenye akili sawa na Neema wako wa mstari wa mbele angekwama kwenye tarakimu zile, kwa sababu 1961 kwake si kitu. Mchungaji wa Uswazi ndiye huyo huyo, kwa sura nyingine.

Neisser hatakusumbua. Mwaka 1967, ule ule wa Azimio, Ulric Neisser alizikusanya kazi hizi zote kwenye kitabu kimoja na kuupa uwanja jina ulio nalo leo. Ukitaka asikutoke, mfungie pamoja na jengo la makumbusho ya Azimio pale Kaloleni. Ninalompendea zaidi ni kwamba miaka tisa baadaye, 1976, aliandika kitabu kingine akiukosoa uwanja aliousimamisha: majaribio yenu yako mbali mno na maisha ya watu. Wasomi wachache huwa na ujasiri huo.

Sasa ile mitazamo minne. Usiikariri kama madhehebu manne yanayogombana. Ni njia nne za kukisia kitu kile kile kisichoonekana, na kila moja ina mahali inapopwaya. Ya kwanza ni majaribio ya maabarani kwa watu wazima wenye afya, na mifano umeshaiona. Ya pili ni kuwachunguza watu ambao ubongo wao umeumia, na hapa pana kisa kimoja ambacho kinabeba uzito wa vingi.

Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani wa miaka 27, aliyesumbuliwa na kifafa kikali, alifanyiwa upasuaji ambao ulimwondolea sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Unaongea naye, unatoka, unarudi, anakusalimia upya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu. Mkono unakwenda kinyume. Siku ya kwanza alikosea sana, ya pili kidogo, ya tatu akachora vizuri, na kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikuwa umejifunza, mwenyewe hana habari. Kwa hiyo kumbukumbu ni zaidi ya moja, na zinaweza kuachana. Kwenye maandiko aliitwa H.M.; jina lake, Henry Molaison, lilitangazwa alipofariki mwaka 2008. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hapa Moshi wasilipite jina hilo haraka, kwa sababu tunachokijua kuhusu kumbukumbu tumekipata kwa gharama ya maisha ya mtu ambaye hakuweza hata kukumbuka kwamba ametusaidia.

Njia ya tatu ni kuandika programu ya kompyuta inayofanya kazi ya akili, na kuangalia kama inakosea mahali mtu anapokosea. Walianza Newell na Simon. Mwaka 1986 David Rumelhart na James McClelland wakaja na mitandao inayoiga seli za neva, na akili bandia mnayoiona kwenye simu leo ina damu yao. Ya nne ni kuutazama ubongo ukiwa kazini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna mashine zinazofuatilia oksijeni kwenye damu ya ubongo, na picha zake zina rangi za kuvutia. Maoni yangu ni kwamba picha hizo zimepewa imani kupita kiasi. Zinasema ni wapi pamechangamka. Namna kazi inavyofanyika bado inahitaji saa na makosa.

Kuna jambo ambalo huenda mhadhiri wako asilitilie mkazo. Mengi ya haya yalipimwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake walifanya kazi Liberia, kwa Wakpelle. Waliweka vitu 20, vyakula, vyombo, nguo na zana, wakawaomba wakulima wavipange vinavyokwenda pamoja. Wakulima waliweka kisu na chungwa, jembe na kiazi: kisu kinakata chungwa, jembe linachimba kiazi, mtu mwenye busara atapanga hivyo. Watafiti walitarajia vyakula upande mmoja na zana upande mwingine, na waliona huo ndio upangaji wa akili iliyokomaa. Mmoja wao, Joseph Glick, ameeleza kwamba hatimaye waliuliza: mjinga angepangaje? Papo hapo vitu vikapangwa kwa makundi safi, vyakula na vyakula, zana na zana. Uwezo ulikuwepo wakati wote. Swali ndilo lililokuwa baya. Ukimpima mtoto aliyetoka bomani kwa swali la mtu wa mjini, usikimbilie kuandika kwamba hana uwezo.

Nimefika kwa wanafunzi wako. Wanachokifanya usiku ni kusoma, kisha kusoma tena, kisha kusoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, kule St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi aya ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walishinda: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40, waliojipima walikumbuka 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Hapo ndipo panapowaponza watoto wetu. Saa sita usiku daftari linasomeka kwa ulaini, kila mstari unaujua, na ulaini huo mwanafunzi anauhesabu kuwa ni kujua. Kumbukumbu inajengwa na jasho la kutoa, na wao wanatumia usiku wote kuingiza.

Kuna mzigo mwingine, ambao mwalimu wa Historia wa Tanzania lazima auone. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza ile sehemu ya kumbukumbu ambayo mtu anafanyia kazi wakati huo huo, anaposhika sentensi huku akiitafuta maana yake. Ni kama meza ndogo: ukiijaza, kinachoongezwa kinaanguka. Kijana aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili anakutana na Vita vya Maji Maji kwa Kiingereza. Nusu ya meza imeshaliwa na lugha kabla hajagusa sababu za vita. Ndiyo maana anakariri aya nzima kama wimbo, maana hana nafasi ya kuifumbua. Huwezi kubadilisha lugha ya mtihani, lakini unaweza kumpa skema kwanza. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson walisomea watu aya iliyoeleza kazi ya kupanga vitu kwenye mafungu na kuviingiza kwa zamu, bila kutaja ni kazi gani. Walioambiwa kabla kwamba ni kufua nguo walikumbuka mara mbili hivi ya wale wasioambiwa. Na kuambiwa baada ya kusomewa hakukusaidia kitu. Dakika tatu za mwanzo wa kipindi, eleza kwa Kiswahili habari nzima ilivyo: nani alitaka nini, kilimzuia nini, ikaishaje. Kisha ingia kwenye Kiingereza.

Kwenye kambi, gawa prepo. Robo ya muda wasome, robo tatu madaftari yawe yamefungwa, waandike wanachokumbuka au waulizane wawili wawili kwa maswali ya mitihani iliyopita. Mada ya leo irudi kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo, ili iwakute wakati wameanza kuisahau lakini haijaondoka. Ikifika saa nne usiku walale. Mwili uliochoka una umakini wa yule mwangalizi wa rada. Wiki ya kwanza watalalamika kwamba hawajui kitu, kwa sababu kutoa kunauma na kusoma hakuumi. Waonyeshe zile namba za 2006 wazione wenyewe.

Karatasi za kujipima usizikusanye wala usizipe alama. Waache wafungue daftari mara wanapomaliza, wajisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na kila mmoja aweke alama pale alipokosea kwa uhakika kabisa, yaani pale alipodhani anajua. Hapo ndipo pa kuanzia kesho yake. Wewe pia kusanya makosa yanayojirudia kwa wengi. Ukiona darasa zima linaandika kwamba Azimio lilileta Uhuru, usiwapigie kelele. Wamejenga upya kuelekea skema waliyonayo, na sasa unajua ni ipi ya kurekebisha.